Anti, mwanangu analowa kila usiku na mama mkwe anasema dawa ni kumpunguzia maziwa

Shikamoo Anti,

Naomba unifichie jina. Mi ni mama wa mtoto wa kwanza, nina miaka 26, naishi Temeke na mume wangu na mama mkwe wangu ambaye alitoka Korogwe kuja kunilea uzazi. Naandika huku nanyonyesha kwa hiyo kama kuna maneno yameruka unisamehe.

Tatizo langu ukilisikia unaweza kuona dogo ila limeninyima raha kabisa. Mwanangu wa kiume ana wiki 11 sasa na pampasi hazimkai, anavuja. Nikisema pampasi namaanisha zote tu, sio za kampuni fulani, nimeshabadilisha aina kibao. Usiku namlaza mkavu kabisa, nikishtuka kumnyonyesha nakuta kifulana kimelowa mbele kuanzia kitovuni mpaka kifuani, shuka limelowa, na mi mwenyewe ubavu mzima umelowa. Namvua namfuta namvalisha nakunja shuka upande, nikijiegesha kidogo tu tena kashalowa. Mchana sasa ni pupu, inapanda mgongoni Anti, inafika mpaka mabegani, nikimvua nguo kwa kichwani inampaka mpaka kwenye nywele. Juzi kliniki nilipomfungua nimvalishe ile suruali ya kupimia uzito kila mtu akaona, nesi hakusema kitu ila kuna mama kwenye benchi akasema kwa sauti mabinti wa siku hizi hata mtoto kumfunga hawajui. Machozi yalinitoka pale pale.

Nimejaribu kila kitu. Nabana sana zile gundi za pembeni ili isiachie, nambana mpaka mapajani anabaki na mistari myekundu. Nimemvalisha mbili, moja juu ya nyingine, bado. Nampaka mafuta ya nazi mengi na poda ili mkojo usimuunguze. Natumia saizi ya 2, pakiti imeandikwa kilo 3 mpaka 6, na yeye juzi kapima kilo 6.3 nikaona kapita kidogo tu, ya 3 naona itakuwa kubwa si ndo itavuja zaidi. Hela ikikata nachukua mojamoja kwa Mangi, hapo sichagui, napewa iliyopo.

Mama mkwe yeye anasema niachane na hayo makaratasi. Watoto wake wote saba kawalea kwa nepi na pini na hakuna aliyevuja. Mchana akimshika anamlaza kifudifudi anasema ndo analala fofofo. Na anasema mtoto anakojoa hivi kwa sababu namnyonyesha usiku kucha, nimpe uji mwepesi vijiko kadhaa jioni ashibe, usiku nimnyime ziwa, mkojo utakauka na wote tutalala. Mwanzo nilikataa ila Anti nimechoka mpaka nimeanza kushawishika, maana huyu mama kalea saba mi nimelea mmoja tena wa wiki 11.

Mume wangu kahamia kwenye kochi sebuleni. Anasema anaamka saa kumi alfajiri hawezi kulala kwenye mkojo halafu akakae kazini siku nzima. Hajanigombeza, ila ile kuniacha na kitanda chenye maji kimeniuma. Na kila nikimwomba hela ya pampasi anashusha pumzi.

Sasa linaloniumiza kichwa zaidi, likizo yangu ya siku 84 inaisha wiki ijayo, mi ni keshia. Mama kasema yuko tayari kubaki na mjukuu wake ila kwa nepi tu, mapampasi hajui kuyafunga na hataki kujifunza uzeeni. Jirani ana binti wa kazi anayejua pampasi vizuri, nikimchukua huyo najua mama atafunga mzigo arudi Korogwe, na mume wangu ataona nimemfukuza mama yake. Mama yangu mzazi yuko Songea na anaumwa miguu, hawezi kuja.

Nifanyeje Anti? Nepi au pampasi? Nibaki na mama au nichukue binti? Na huo uji?

Mama Kijana, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usiseme tatizo dogo. Mtu anayelala vipande vipande tangu ajifungue, tena kwenye shuka bichi, halafu kesho kutwa anatakiwa arudi akahesabu hela za watu, huyo ana mzigo kamili.

Ngoja niliseme kama nilivyolielewa. Mtoto anavuja mbele usiku na mgongoni mchana. Huko kuvuja kumeingia kwenye maziwa, kumeingia kitandani kwako na mumeo, na sasa kumeingia mpaka kwenye swali la nani atabaki na mtoto ukienda kazini. Kwa uchovu ulionao mambo yote yameshikana, ndo maana unaniuliza nepi au pampasi kama vile nikijibu hilo na mengine yatakuwa yamejibika. Mi naona tuyatenganishe, na tuanze na uji kwa sababu ndo wenye hatari.

Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu hizi hizi wanasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, hata kwenye hili joto la Dar, maana ndani ya maziwa yako maji yanayomtosha yamo. Uji kwa mtoto wa wiki 11 unajaza kitumbo kidogo kwa kitu chepesi, ananyonya kidogo, na hapo hapo unamfungulia mlango wa kuhara kwa sababu maji, sufuria, kijiko, vyote vinaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Na kumnyima ziwa usiku kunakugeukia na wewe, homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi usiku, ukikaa usiku kucha bila kunyonyesha maziwa yanaanza kupungua, tena wiki hiyo hiyo unayorudi kazini.

Halafu hebu uangalie huo mkojo kwa jicho lingine. Manesi wanamuuliza mama mtoto analowesha mara ngapi kwa siku kwa sababu ndo njia ya kujua anashiba, mara 6 au zaidi kwa saa 24 wanasema anapata maziwa ya kutosha. Wa kwako analowa vizuri na mzani umesoma kilo 6.3. Wewe umeuona mkojo kama ushahidi kwamba umeshindwa, mi nauona kama ushahidi kwamba ziwa lako linafanya kazi yake. Kwa hiyo mkojo tuuache uje, tushughulike na mahali unapotokea.

Na hapo umeandika mengi yanayojieleza. La kwanza ni hiyo saizi. Unasema ya 3 itakuwa kubwa, je umeshamvalisha ukaona au ni hofu tu? Maana mtoto ana kilo 6.3, pakiti inaishia 6, na mapajani ana mistari myekundu, hizo ni dalili tatu zinazosema kitu kimoja. Ndani ya pampasi kuna chengachenga ambazo zikipata mkojo zinavimba zinakuwa jeli, saizi ndogo ina chengachenga chache, na ukiibana sana hazina nafasi ya kuvimba, mkojo unatafuta pa kupita. Pupu nayo ya mtoto anayenyonya ni nyepesi, ya njano, ina vimbegumbegu, sasa ikitoka kwa kishindo kama anavyofanya huyu bwana mdogo na chini kumebana, itapanda mgongoni tu, haina pengine pa kwenda. Wengi wetu tunadhani kubana ndo kuziba, na mtu akiona inavuja anazidi kubana. Kabla hujanunua pakiti zima chukua chache za saizi ya 3 ujaribu usiku mmoja au miwili. Na ukichukua mojamoja kwa Mangi mwombe akuonyeshe namba, mara nyingi imechapwa mbele kiunoni pale panapobandikwa gundi, usikubali tu iliyopo mkononi kwake.

La pili ni ufungaji. Mlaze chali, mnyanyue makalio kidogo, upande wa nyuma uingize mpaka upite kiunoni, usiishie nusu ya makalio maana hapo ndo pupu inapochungulia. Kabla hujafunika mbele, dudu yake ielekeze chini. Watoto wa kiume hapa ndo penyewe, ikibaki imeangalia juu mkojo wote unarushwa kiunoni na ndo maana unakuta kifulana kimelowa kuanzia kitovuni. Funika mbele, mbele na nyuma ziwe usawa mmoja, bandika gundi kulia na kushoto, kisha jaribu kupitisha vidole viwili kati ya pampasi na tumbo, vipite bila kulazimisha. Halafu kuna kitu akina mama wengi hawaambiwi, yale malinda ya miguuni. Pitisha kidole kuzunguka kila paja uyatoe nje yote yasimame, hata kipande kidogo kikibaki kimejikunja kwa ndani pupu na mkojo vinapita hapo hapo. Ukishamaliza ndo unamvalisha kifulana, na hakikisha hakijaingia ndani ya pampasi, maana kikiingia kitanyonya mkojo kuupandisha juu na utadhani pampasi ndo imevuja.

Kuvalisha mbili hakusaidii kwa sababu ile ya ndani ina nailoni kwa nje, mkojo haupenyi kwenda kwenye ya pili, unabaki unatafuta pembeni vile vile, umemwongezea joto tu na hela imeenda. Mafuta nayo yakiwa mengi yanapaka ile sehemu ya kunyonya, inakuwa kama imezibwa, ukitaka kumkinga paka kidogo sana kwenye mikunjo. Poda mi ningeiacha kabisa, vumbi lake mtoto analivuta kifuani.

Halafu kulala kifudifudi. Kwa kuvuja, mtoto akilalia tumbo mkojo wote unakuja mbele. Ila mbali na kuvuja, madaktari wanasisitiza mtoto mchanga alale chali, usiku na mchana, kwa sababu kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya vile vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Ni kweli analala fofofo, mama hajakosea alichokiona, na huko kulala fofofo ndo kunakotia wasiwasi. Kifudifudi kiwe ni mchezo akiwa macho na mtu yupo anamwangalia.

Usiku kuna namna moja ya kupanga inasaidia wengi. Akiamka mpe ziwa la kwanza, akimaliza hapo katikati mbadilishe, halafu mpe la pili alale nalo. Ukimbadilisha kabla hajanyonya kabisa anaweza kunya wakati ananyonya ukarudia kazi, ukimbadilisha mwishoni unamwamsha. Na ule mpira ulioenda nao hospitali kujifungua kama bado upo uoshe vizuri, utandike juu ya godoro, juu yake shuka lililochomekwa vizuri, na juu kanga iliyokunjwa mara mbili pale anapolala. Ikilowa unavuta kanga tu, hufunui kitanda kizima. Ila mpira uwe umechomekwa chini imara, usibaki nailoni inapepea karibu na uso wa mtoto.

Ukifanya hayo na bado anavuja sana, au akipata vipele vyekundu vyenye vichwa visivyoisha, au pupu ikawa majimaji matupu kuliko kawaida yake, au akalowa kidogo kuliko siku zote, akapata homa, akagoma ziwa, hapo usisubiri ushauri wangu wala wa jirani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa mama mkwe. Mwanangu hapa naomba twende taratibu. Anasema watoto wake saba hawakuvuja. Nepi ya kitambaa bila kitu cha nailoni juu yake inalowesha aliyembeba mtoto ndani ya dakika, kila aliyelea kwa nepi anajua. Nadhani anachokikumbuka ni kwamba kulowa hakukuwa tatizo, kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni kwake siku nzima, akilowa anahisi hapo hapo na anambadilisha. Hilo ni jambo la maana na si la kubeza, maana pampasi inatufanya tusahau, mtoto anakaa nayo mpaka ijae. Na kuchoka na mashuka hakujaanza na wewe wala na yeye. Huko Marekani miaka ya 1940 kuna mama aliyeitwa Marion Donovan alichoka na kufua matandiko ya mtoto akakata pazia la bafuni la nailoni akashona kifuniko cha kuvalisha juu ya nepi, akaweka vifungo vya kubana badala ya pini, kikaanza kuuzwa New York mwaka 1949 na mwaka 1951 akapata hataza yake. Alikuwa mama mwenye mtoto anayevuja, kama wewe hapo Temeke, na hakuna aliyeweza kusema hajui kulea.

Kwa hiyo hizo nepi unaweza kuziangalia bila kuona kama umeshindwa vita. Mtu unaweza kukaa na nepi mchana nyumbani na pampasi usiku na safarini, hela inapungua na mumeo anapumua. Mama akuonyeshe mkunjo wa mtoto wa kiume ule wa kuacha unene mwingi mbele, huo anaujua kuliko mimi. Kuna pia nepi za kisasa za vifungo zenye pedi ya kuchomeka ndani, hazina pini, mtu mzima anazijua mara moja, ila kuanza nazo ni gharama kwa mkupuo.

Lakini nepi zina yake. Zinataka maji, na wewe unajua mtaani kwenu yanatoka siku gani. Zinataka mtu wa kufua, na ukirudi umechoka saa moja usiku kuna beseni linakusubiri, au mgongo wa mama ndo unaoinama. Masika hazikauki. Nepi mpya hazinyonyi vizuri mpaka zifuliwe mara kadhaa, na ukizifua na yale maji ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri zinagoma kunyonya. Na zikianikwa nje zipigwe pasi kote, kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi halafu funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto, hili mama bila shaka analijua.

Mi hata hivyo sio nepi inayonitia hofu. Nilipomaliza barua yako nilijiuliza, siku ukiwa kazini, mtoto akilia saa tano asubuhi, mkono wa anayebaki naye utaenda kwenye kikombe cha maziwa yako au kwenye sufuria la uji? Hilo ndo swali la kumuuliza yeyote atakayebaki, awe mama awe binti. Mama anampenda mjukuu wake, ana uzoefu, halipwi, hatakimbia mwisho wa mwezi. Ila anaamini uji. Binti anajua pampasi, ila anajua nini kingine? Ana umri gani, kalea mtoto wa wiki 11 au wa miaka miwili, na ukimkataza uji atakusikiliza kwa sababu kaelewa au kwa sababu anakuogopa, na usipokuwepo je? Tena usisahau kwamba binti akija na mama akaondoka kwa hasira, nyumba inabaki na kidonda ambacho pampasi kavu hazitakiponya. Na mama akibaki huku wewe umemeza usiyoyataka, nacho ni kidonda, kiko kwako.

Labda kuna mlango katikati, uupime mwenyewe kama unafaa kwenu. Mama anataka nepi. Wewe unataka maziwa na mtoto alale chali. Nepi unaweza kulegeza, hazimdhuru mtoto zikibadilishwa mapema. Maziwa huwezi kulegeza. Unaonaje ukimwendea ukamwambia, "mama, kwenye nepi nakusikiliza, nifundishe na mimi nijue, ila kwenye uji naomba unisaidie tusubiri miezi 6"? Mtu aliyesikilizwa kwenye jambo moja huwa mwepesi kwenye la pili. Na uji usimkatalie wewe peke yako, ukweni maneno ya mkwe ni mepesi. Nendeni wote kliniki kabla hujaanza kazi, hata kama si siku ya chanjo mtoto anapimwa uzito na nesi anatoa ushauri, umwombe nesi aeleze mbele ya mama. Mama asiambiwe alikosea na wale saba, aambiwe tu sasa hivi inashauriwa hivi. Inawezekana pia akakataa yote. Hapo utakuwa umejua kitu ambacho sasa hivi unakikisia tu, na swali la binti utalitazama ukiwa na uhakika.

Na hayo maziwa yanataka maandalizi, anza kukamua sasa hivi kidogokidogo, mama azoee kumnywesha kwa kikombe safi wewe ukiwepo. Kwa joto letu yasikae nje muda mrefu, kama kuna friji yaende friji. Kazini kwako jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda wa kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Ongea na bosi wako kabla hujaripoti, mkubaliane kama unatoka mapema au unakata mchana, maana saa 2 za kutoka Kariakoo kwenda Temeke na kurudi si sawa na za mtu anayekaa jirani na ofisi.

Mumeo sasa. Umesema hajakugombeza ila ameondoka, na kuondoka kumeuma. Je umemwambia kwamba imeuma, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi? Maana inawezekana yeye anaona kaenda kwenye kochi ili asikubane kitandani, na hiyo pumzi anayoshusha ni ya mfuko, sio yako. Inawezekana pia kweli kakwepa. Mi sijui, na nadhani hata wewe bado hujui. Siku moja ambayo haendi kazini muonyeshe hizo hatua za kufunga, vidole viwili na malinda ya miguuni, afunge yeye. Baba akishafunga mwenyewe pampasi ya mwanae ikavuja au isivuje, mazungumzo ya hela ya pampasi yanakuwa ya watu wawili. Ila usimpelekee hilo usiku wa manane shuka limelowa, mpelekee mchana umeshakula.

Yule mama wa kwenye benchi mwachie benchi lake. Nesi alimwona mtoto mwenye kilo 6.3 akaandika kwenye kadi akanyamaza, na nesi ndo aliyekuwa ameshika mzani.

Anza usiku wa leo na vile visivyohitaji hela wala ruhusa ya mtu, dudu chini, malinda nje, gundi isibane, mafuta kidogo. Mengine zungumzeni mkiwa mmelala angalau usiku mmoja. Kwenye chanjo ya wiki ya 14 niandikie amefika kilo ngapi, na nani alimpeleka.

Anti